Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya dansi Nyanda za Juu Kusini: kutoka mwilini hadi kwenye skrini

Ukipita Mwanjelwa kule Mbeya jioni, au Kihesa kule Iringa siku ya Jumamosi, hukosi kukuta vijana wameegesha simu kwenye tofali, spika iko pembeni, na stepu moja inarudiwa mpaka iwaingie. Wanacheza vizuri mno. Lakini ukiitazama video yenyewe kesho yake unaona watu wanaojua kucheza, basi. Hujui ni akina nani, wametoka wapi, wala ni jambo gani linawakaa moyoni. Mwongozo huu ni wao, na ni wa yeyote mwenye simu anayetaka kutengeneza filamu ya dakika mbili hadi tano ambayo msimuliaji wake ni mwili.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kwenye video ya muziki wimbo ndio bosi, dansa anausindikiza. Kwenye onesho lililorekodiwa jukwaani, kamera ni mtazamaji aliyekaa kiti cha nyuma. Filamu ya dansi huwezi kuicheza jukwaani hata ukitaka, kwa sababu kamera na mkato, yaani pale kipande kimoja cha video kinapounganishwa na kingine, vimo ndani ya dansi yenyewe. Mfano wa zamani unaotajwa sana ni wa Maya Deren wa Marekani, mwaka 1945: mchezaji wake, Talley Beatty, anainua mguu akiwa msituni, na mguu uleule unatua ndani ya nyumba. Hatua moja, sehemu mbili. Filamu ile ni ya dakika chache tu na haina maneno. Mbinu yake unaweza kuifanya leo kwa simu kati ya Tukuyu na Mbeya mjini.

Ili tusizungumze hewani, nitashika mfano mmoja mpaka mwisho: filamu ya dakika tatu kuhusu goti. Mchezaji ni binti aliyelelewa Rungwe ambaye sasa anasuka nywele saluni mjini. Mfano huu nimeutunga. Wewe utaweka wako.

Hatua ya 1: Tafuta kitendo ambacho mwili umekizoea

Wengi huanza na mada kubwa: utambulisho, vijana na ajira, ukombozi wa mwanamke. Mada ya namna hiyo haichezeki. Kinachochezeka ni goti, kiwiko, shingo, kisigino. Kwa hiyo tafuta kitendo ambacho mwili wa mchezaji wako umekifanya mara nyingi hadi haukifikirii tena.

Huku kwetu vitendo hivyo havihesabiki. Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi anakata majani mawili na kichipukizi huku macho yake yameshahamia kichaka kinachofuata. Mpakiaji wa viazi pale Uyole, kabla ya kuinua lumbesa, anapanua miguu, anakaza tumbo, anashusha pumzi, ndipo mgongo unaingia kazini. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani akiitwa kwa nyuma hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima, miguu ikitangulia. Na katika familia nyingi za Wanyakyusa, Wahehe na Wabena, binti anayemsalimia mkubwa wake hukunja magoti. "Ugonile" au "Kamwene" inatoka mdomoni wakati goti liko njiani kwenda chini.

Mkalishe mchezaji wako, mwambie akifanye kitendo chake kwa dakika kumi mfululizo bila muziki. Kitazame kwa karibu. Kwenye goti, kwa mfano, utaona kwamba kinachoanza siyo goti lenyewe: macho yanashuka kwanza, kisha bega la mbele, kisha mkono unashika pindo la kitenge ili lisikanyagwe, ndipo goti linafuata. Wakati wa kuinuka mpangilio unageuka, na macho ndiyo yanayoinuka mwisho. Hapo tayari una dansi ya vipande vinne, na hakuna aliyeitunga.

Baada ya hapo muulize maswali matatu. Nani alikufundisha hivi? Ni lini ulikifanya kwa moyo mweupe? Ni lini ulitaka kukikataa? Majibu yaandike kama anavyoyasema, usiyasafishe. Akikosa jibu la swali la tatu, badilisheni kitendo. Kitendo ambacho mtu hajawahi kugombana nacho hakitabeba filamu ya dakika tatu.

Hatua ya 2: Ukitaka ngoma ya asili, waone wenye ngoma

Hapa naomba tusiende haraka, kwa sababu ndipo filamu nyingi zinapopotea. Mtu anaona ngoma ya asili, inampendeza, anachukua mabega ya ngoma hii na miguu ya ile, anavalisha vijana shanga, na kuiita "asili yetu". Mzee akiiona anajua mara moja kwamba aliyetengeneza hakuuliza.

Ngoma zina mahali pake na wakati wake. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kuhusu wanaume waliocheza kwa nguvu msibani. Kucheza kule kulikuwa sehemu ya kuzika, wala hakukuhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Ukiuchukua mwondoko wa namna ile ukauweka kwenye harusi, umesema kitu ambacho hukukusudia. Chukua pia mganda, ngoma ya mwambao wa Ziwa Nyasa ambayo wengine huiita malipenga. Wachezaji wanajipanga mistari kama askari, wanavaa sare safi, wanapuliza vibuyu vinavyotoa sauti ya tarumbeta. Ilikua kutokana na gwaride la majeshi ya wakoloni, hasa kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza, watu walipouchukua mwendo wa askari na kuugeuza kuwa wao. Kijana anayetaka filamu kuhusu mwili na amri, mwili na sare, au baba aliyestaafu jeshini, ana hazina kubwa hapo. Lakini lazima ajue anachokishika.

Kwa vitendo: nenda kwa kiongozi wa kikundi cha ngoma ukiwa na mtu anayefahamika kwake. Salimia kwa utaratibu wa hapo, kaa chini, eleza unataka nini kabla ya kutoa simu mfukoni. Uliza ngoma hii huchezwa lini, nani haruhusiwi kuicheza, sehemu gani haioneshwi kwa wageni. Uliza kama unaweza kuibadilisha. Jibu likiwa hapana, ni hapana. Kama hujui pa kuanzia, afisa utamaduni wa halmashauri kwa kawaida anavifahamu vikundi vya eneo lake. Na weka fungu la fedha la wazee hawa kwenye bajeti tangu mwanzo, kiasi mlichokubaliana, mbali na soda ya siku ya kazi. Majina ya kikundi na ya ngoma yaandikwe mwishoni mwa filamu.

Kwenye filamu ya goti mimi nisingeweka ngoma kamili. Ningemwomba mpigaji mmoja wa ing'oma, ngoma ya Wanyakyusa, kwa ridhaa yake, apige mapigo ambayo binti anakunja magoti na kuinuka juu yake. Inatosha.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja

Filamu ya dansi haihitaji muswada wenye mazungumzo, ila inahitaji karatasi. Juu andika sentensi mbili: mwanzoni mwili uko hivi, mwishoni mwili uko vile. Sentensi hizo zikifanana, huna hadithi bado.

Yangu ingesomeka: Mwanzoni goti linashuka kabla binti hajaamua. Mwishoni linashuka baada ya yeye kumwangalia usoni anayemsalimia. Mtazamaji hataambiwa chochote kuhusu heshima, ndoa wala mji. Ataona tu kwamba salamu ileile imetolewa mara mbili, na mara ya pili mtoaji alikuwepo.

Chini ya sentensi hizo gawa sehemu, tatu au nne hivi. Uwanja wa nyumbani, salamu. Saluni, siku nzima ya kusimama, goti linauma, mteja anaingia na goti linataka kushuka lenyewe. Ngazi au kilima, goti linafanya kazi nyingine ya kupanda, kuruka na kuanguka. Kisha uwanja tena. Kwa kila sehemu andika muda wake kwa sekunde. Dakika tatu ni sekunde 180, na zinaisha upesi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 4: Tunga miondoko kutokana na kile ulichokikuta

Chukua kile kitendo ukichezee kwa njia chache tu. Kipunguze kasi hadi sehemu zake zionekane. Kikuze, goti lishuke hadi paja liguse kisigino. Kihamishe, mkunjo wa goti ufanywe na kiwiko, kisha na shingo. Kikate katikati, mchezaji abaki nusu ya njia mpaka misuli itetemeke. Huo mtetemo usiuonee aibu, kamera inaupenda. Kirudie hadi kichoke.

Kuhusu mdundo: amueni kasi moja mapema. Kwenye kasi ya mapigo 100 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 0.6. Ukirekodi fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, hizo ni fremu 15 kamili kwa pigo, na uhariri unakuwa mwepesi. Tafuta kwenye simu programu ya metronomu, inayogonga mapigo ya kasi isiyobadilika, na mfanye mazoezi kwa kasi hiyo hiyo kila siku. Ngoma ya kweli itarekodiwa juu ya kasi hiyo baadaye.

Anayeshika kamera ahudhurie mazoezi, na ajifunze stepu japo kwa kubabaika. Mtu aliyejifunza mwondoko anajua sekunde moja kabla kwamba mkono unakuja upande wake. Asiyejifunza atakuwa anaukimbiza.

Hatua ya 5: Sehemu, msimu na jua

Nyanda za Juu Kusini zinamshawishi mtu kushuti mandhari. Kitulo Desemba hadi Aprili imejaa maua, Isimila nje ya Iringa ina nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, juu ya jiwe la Gangilonga unauona mji wa Iringa wote, Daraja la Mungu liko Rungwe juu ya mto Kiwira. Sehemu hizi ni nzuri sana, na hiyo ndiyo hatari yake. Mchezaji akisimama mbele ya nguzo za Isimila, jicho linakwenda kwenye nguzo. Chagua sehemu ambayo kitendo chako kina kazi ya kufanya pale. Saluni ya upana wa mita tatu, yenye kioo, benchi na kikaushio, itakupa zaidi kwenye filamu ya goti kuliko uwanda wote wa Kitulo, kwa sababu pale goti halina pa kwenda.

Ukiamua kwenda juu hata hivyo, panga na msimu. Mbeya mjini mvua huwa kati ya Novemba na Aprili. Rungwe inachelewa kukatika, na Aprili hadi Mei ndiyo humwaga hasa. Juni na Julai anga ni safi lakini baridi inakata, na Makete na Njombe asubuhi unaweza kukuta umande umeganda kwenye nyasi.

Jua nalo lina ratiba yake. Mwezi Juni pale Mbeya linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na nusu jioni au zaidi kidogo. Iringa hutangulia kwa dakika chache. Nuru ya pembeni inayochora misuli na mikunjo ya nguo unaipata saa ya kwanza na saa ya mwisho ya jua. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua likiwa wazi liko utosini, macho ya mchezaji yanakuwa mashimo meusi. Saa hizo shuti ndani au kivulini. Siku ya mawingu unaweza kufanya kazi kutwa nzima, na nuru yake ni ya upole kwa ngozi.

Tembelea kila sehemu saa ileile utakayoshutia. Angalia chini: kokoto, misumari, sakafu yenye mafuta ya nywele. Mwondoko uliozoewa kwenye ukumbi wa sakafu laini haufanyiki hivyo hivyo kwenye udongo mwekundu uliolowa.

Hatua ya 6: Vibali

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kupiga filamu nchini kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na anayetoa kibali ni Bodi ya Filamu Tanzania. Waulize mapema kuhusu kazi yenu na ada yake. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo unahitaji ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kwenye maeneo ya kale kama Isimila, muone msimamizi wa pale. Ukitaka kurusha droni, Mamlaka ya Usafiri wa Anga inahusika. Kituo cha TAZARA, soko na stendi vina uongozi wake, na barua yenye muhuri wa afisa utamaduni hufungua milango mingi. Mwenyekiti wa mtaa ajue mko pale.

Wachezaji wasaini karatasi ya ridhaa iliyoandikwa Kiswahili chepesi: filamu itaoneshwa wapi, watalipwa nini, wanaweza kukataa kipande gani. Mtoto asainiwe na mzazi au mlezi. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo sura ya mtu si ya kuchezea.

Hatua ya 7: Utunze mwili

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo karibu 2,600. Mchezaji aliyetoka Dar jana atahema mapema, mpe siku moja ya kuzoea. Misuli iliyopoa inachanika, basi kupasha mwili kusipungue dakika 20, na kurudiwe kila mkikaa kwa muda mrefu. Beba blanketi, soksi nzito, na chupa ya chai ya tangawizi. Kipande cha kuruka au kuanguka magotini kirudiwe mara chache, na chini ya kitenge mfunge mchezaji sponji la goti. Kitenge kirefu kitalificha.

Kuna jambo jingine la mwili ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ukitengeneza filamu kuhusu mwili wa mtu, huyo mtu atajiona. Ataona tumbo lake, kovu lake, namna anavyotembea. Kubalianeni tangu mwanzo ni sehemu gani za mwili zitaonekana na kwa karibu kiasi gani, na kipande ambacho hakiko kwenye makubaliano kifutwe akiwa anaona. Msichana anayepigwa picha asiwe peke yake kati ya wanaume. Alete dada, rafiki au shangazi. Mtu aliyetulia anacheza tofauti kabisa na mtu anayejilinda.

Hatua ya 8: Kamera

Simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye mpangilio huu kabla hujaanza: 1080p, fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50. Sababu ni umeme wetu: unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na ukirekodi fremu 30 chini ya taa za saluni picha inaweza kumetameta. Kama programu ya kamera ya simu haikuruhusu kuchagua, pakua Blackmagic Camera au nyingine inayoruhusu. Video ya 1080p hula mamia ya MB katika dakika chache, hivyo futa nafasi kabla ya siku yenyewe.

Mwendo wa taratibu wa fremu 50 au zaidi utumie kwa uchache sana. Unapendeza haraka na kuchosha haraka, na unaiba uzito wa mwili: goti linalopiga chini kwa kasi yake halisi linauma hadi kwa mtazamaji. Likipunguzwa kasi linaelea.

Nuru kwenye ngozi nyeusi inahitaji mkono wako. Simu ikiachiwa iamue yenyewe, mbele ya ukungu mweupe wa Tukuyu itamfanya mchezaji kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia hadi simu ifunge mwanga na fokasi hapo, kisha rekebisha. Nuru itoke ubavuni. Mafuta kidogo ya nazi kwenye mabega, magoti na mikono yanaifanya ngozi ipokee mwanga na kuonesha umbo la msuli. Nguo ya rangi moja inasomeka vizuri. Kitenge chenye mistari midogo midogo hutetemeka kwenye skrini. Kwenye shamba la chai usimvalishe kijani.

Sasa umbali. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, ukimsogelea mchezaji sana mkono ulio mbele unakuwa mkubwa kuliko kichwa. Rudi nyuma, tumia lenzi ya mara mbili kama unayo. Na tafadhali, usikate miguu. Ukishuti kuanzia kiunoni kwenda juu, umekata nusu ya dansi. Kila kipande kishutiwe kwanza chote kwa mbali, mwili mzima na nafasi ya kutosha chini na juu, halafu ndipo usogee kwenye goti, mkono na pindo la nguo.

Kamera inayotembea iwe na sababu. Bana viwiko mbavuni, kunja magoti, kanyaga kisigino kwanza. Kama mchezaji anashuka, amua: je, kamera inashuka naye, au inabaki juu ikimtazama kama mkubwa anayesalimiwa? Hayo ni maoni mawili tofauti kabisa kuhusu goti moja. Salamu ya kwanza ningeishuti kutoka juu, ya mwisho kutoka usawa wa macho yake.

Hatua ya 9: Siku ya kushuti

Panga ratiba kwa kufuata jua na uchovu, usifuate mtiririko wa hadithi. Vipande vizito vifanywe mapema mwili ukiwa umepata moto. Vipande vya karibu vya uso na mikono viache mwisho, wakati jasho na uchovu ni vya kweli.

Cheza mdundo kwa spika kwenye kila kipande ili kasi isibadilike. Mchezaji aanze pigo moja kabla ya sehemu unayoihitaji na amalize pigo moja baada yake. Hizo ziada ndizo zitakazokuokoa wakati wa kuhariri. Kwa ule mkato wa sehemu mbili, goti linaloanza kushuka kwenye udongo wa Rungwe na kugusa sakafu ya saluni, shuti mwondoko mzima katika sehemu zote mbili. Goti likae upande uleule wa fremu, kamera iwe kimo kilekile, umbali uleule, nguo ileile, kasi ileile. Pima kimo cha kamera kwa kamba yenye fundo, uitunze kamba hiyo hadi mwende sehemu ya pili. Nimeona mkato huu ukishindikana mara nyingi kwa sababu ya sentimita 20 tu za kimo.

Baridi inamaliza betri. Simu na chaja za akiba zikae mfukoni karibu na mwili. Ukitoka kwenye ukungu na kuingia ndani kwenye joto, lenzi itapata mvuke. Subiri uishe wenyewe, kisha futa kwa kitambaa safi.

Hatua ya 10: Sauti

Watu huiacha hii hadi mwisho na ni kosa. Sauti ya mwili ndiyo inayomfanya mtazamaji ausikie mwili wenyewe: pumzi, kitenge kikisuguana, visigino kwenye kokoto, goti likigusa ubao. Baada ya kushuti kila sehemu, zima muziki, mchezaji arudie mwondoko, na simu ya pili iwekwe karibu kabisa na mguu au mdomo. Funika maiki kwa soksi nyepesi kuzuia upepo. Rekodi pia dakika nzima ya ukimya wa mahali pale, maana ukimya wa saluni haufanani na wa kilimani.

Muziki uwe wako. Ukichukua Bongo Fleva inayovuma, filamu inaweza kuzuiwa YouTube na kukataliwa na matamasha, maana haki ya wimbo ina mwenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mpiga ngoma mmoja kwenye chumba chenye mablanketi ukutani anatosha. Andikishianeni makubaliano, na mlipeni.

Hatua ya 11: Kuhariri

CapCut inafanya kazi kwenye simu. Kwenye kompyuta, DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa. Anza kwa kuunganisha vipande bila muziki. Kama filamu haieleweki kimya, muziki utaificha tu hiyo kasoro.

Kata katikati ya mwondoko, wakati mwili unasafiri, usingoje ufike. Ukikata goti likiwa limeshatulia, jicho linaona mshono. Ukikata likiwa njiani, jicho linafuata goti na halioni kitu. Usikate kila pigo la ngoma. Mtazamaji atashika mchezo wako ndani ya sekunde kumi na kuacha kutazama. Acha angalau kipande kimoja kirefu kisichokatwa, sekunde 30 au 40, mtu mmoja akicheza kwa pumzi zake. Huwa nakitafuta kipande hicho kabla ya vingine vyote, kwa sababu kikiwa kizuri filamu ina mgongo.

Halafu punguza. Kile kipande chenye machweo ya Loleza mlichokipanda mlima kukipata, kama hakigusi goti, kitoe. Muoneshe rafiki ambaye hakuwepo na umuulize nini kilibadilika kwa yule binti. Usimuulize kama ni nzuri. Wote watasema ni nzuri. Akisema "sijui, lakini mwisho alimwangalia mama yake", kazi imefika.

Maelezo ya maandishi kwenye skrini yaache. Jina mwanzoni na shukrani mwishoni zinatosha, na filamu isiyo na maneno itaeleweka Kyela na Senegali vilevile.

Hatua ya 12: Kuionesha

Wa kwanza kuiona wawe waliomo. Mwite mchezaji na familia yake, wazee wa ngoma, mwenye saluni. Shuka jeupe ukutani na projekta ya kuazima shuleni au kanisani vinatosha, ila hakikisheni sauti inasikika hadi nyuma. Akitokea mzee akasema kitu kimekosewa kuhusu ngoma, mna nafasi ya kurekebisha kabla haijasambaa.

Baada ya hapo ipeleke nje. Tamasha la filamu la ZIFF hufanyika Zanzibar kila mwaka, chuo cha sanaa cha TaSUBa kina tamasha lake Bagamoyo, na matamasha mengi ya filamu za dansi duniani hupokea kazi kupitia tovuti ya FilmFreeway. Soma masharti yao: baadhi hawapokei filamu iliyokwisha kuwekwa hadharani mtandaoni, kwa hiyo peleka kwanza huko, YouTube baadaye. Andaa maelezo ya mistari mitano kwa Kiswahili na Kiingereza, picha mbili safi, na orodha kamili ya majina.

Tunza faili halisi sehemu mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba unayoishi. Kopi nyingine iweke kwenye memori kadi, uwapelekee kikundi cha ngoma wenyewe mkononi, pamoja na sauti yote ya ngoma mliyorekodi, hata ile ambayo haikuingia kwenye filamu.